Namna ya Kujifunza Maneno ya Kigeni Yenye Maana Zinazokaribiana

Mtu anapofika hatua za juu za kujifunza Kiingereza, kinachomkwamisha huwa si uchache wa maneno tena. Wanafunzi wa kidato cha tano na watumishi wa umma tunaowafundisha hapa Dodoma huja na madaftari yaliyojaa msamiati, kila neno la Kiingereza likiwa limeandikiwa neno moja la Kiswahili mbele yake, na bado sentensi zao, ambazo kisarufi hazina kasoro, humshangaza mzawa wa lugha hiyo.

Aliyeandika daftarini kwamba "notorious" maana yake ni "mashuhuri" ataandika bila wasiwasi kuwa Dodoma ni "notorious" kwa zabibu, ilhali neno hilo ni la sifa mbaya, la mwizi au barabara yenye ajali nyingi, na mkulima wa zabibu wa Hombolo, hapa Dodoma, atakuwa amekashifiwa pasipo mtu kukusudia. Hatari zaidi ni "claim". Katibu wa kikao anayeandika katika muhtasari kwamba mjumbe "claimed" fedha zimelipwa, akidhani ameandika "alisema", amemdokezea msomaji kwamba kauli hiyo ina mashaka.

Jambo hili si geni kwetu, kwani "alidai" si sawa na "alisema". Hali kadhalika, "sababisha" huandamana na ajali, hasara na vifo. Msaada wa mwalimu hausababishi mtu afaulu, bali humwezesha. "Cause" la Kiingereza lina mwelekeo huohuo. John Sinclair, mwanaisimu aliyeongoza utungaji wa COBUILD, kamusi ya Kiingereza kwa wanaojifunza iliyotoka mwaka 1987, alitumia mkusanyiko mkubwa wa matini uliohifadhiwa kwenye kompyuta kuonyesha jinsi maana ya neno inavyofungamana na maneno yanayolizunguka.

Kwa hiyo tunashauri daftari la msamiati liwe la sentensi. Neno gumu lisiandikwe hadi limeonekana ndani ya sentensi iliyoandikwa na mjuzi wa lugha, nayo inakiliwe yote, kisha mwanafunzi aongeze kwa ufupi kama neno linasifu au linalaumu, na kama ni la ofisini au la mtaani. Kamusi ya wanaojifunza, inayofafanua Kiingereza kwa Kiingereza na kutoa mifano, hufaa zaidi hapa kuliko ya kutafsiri.

Wengi pia hupenda kukariri maneno yanayofanana kwa mkupuo, jambo ambalo sisi hatulipendekezi. "Thrifty", anayetumia fedha kwa uangalifu na kusifiwa, na "stingy", bahili anayelaumiwa, yakijifunzwa siku moja huchanganyikana kichwani. Moja likomae kwanza ndipo la pili lifuate.

Kuhusu marudio, mwanasaikolojia Hermann Ebbinghaus wa Ujerumani alichapisha mwaka 1885 majaribio aliyojifanyia mwenyewe, yakaonyesha kwamba kusahau huwa kwa kasi mwanzoni, kisha kasi hiyo hupungua. Sentensi irudiwe kesho yake, baada ya siku chache, baada ya wiki na baada ya mwezi, neno likiwa limefunikwa ili akili ilazimike kulitafuta, kwa sababu kulisoma tu tena na tena humfanya mtu aamini kuwa analijua kabla hajalijua.

Neno ambalo bado halijakutwa katika sentensi tatu tofauti litumike kuelewa unachosoma, na katika barua ya kikazi liandikwe lile la kawaida unalolimudu.