Kani ni nini? Tazama gari la pakiti ya maziwa

Kwenye veranda ya ghorofa moja mtaani Umoja, Nairobi, mtoto wa jirani alikuwa na gari alilojitengenezea. Bodi ni pakiti tupu ya maziwa, magurudumu yamekatwa kwenye slipa kuukuu, na vijiti viwili vya mishikaki vimetoboa pakiti ubavu hadi ubavu kuyashika. Akalisukuma, likaenda hatua mbili tatu, likasimama. Nikamuuliza limesimama kwa nini.

"Limeishiwa na nguvu, ankol."

Wengi wetu tungejibu hivyo. Aristotle naye, mwanafalsafa wa Ugiriki, zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, alifundisha kwamba kitu hakiendelei kwenda pasipo cha kukiendesha. Kasoro ya jibu hilo ni kuifanya nguvu kama petroli: mkono umelijaza gari, gari limeitumia hadi tone la mwisho.

Kani haikai ndani ya kitu. Ni msukumo au mvuto ambao kitu kimoja hukifanyia kingine, nao hubadilisha mwendo: hukitoa kitu mahali pake, hukiongezea kasi, hukipunguzia, hukipindisha njia. Mitaani tunasema nguvu tu, lakini neno hilo limebeba mengi mno, kuanzia nguvu za umeme hadi nguvu za kiume. Kani ina kazi moja.

Mkono ulipoliachilia gari, kani ya mkono ilikoma papo hapo. Gari likabaki na mwendo, na mwendo hauhitaji kulishwa. Mwanasayansi Mwingereza Isaac Newton aliiandika sheria hiyo mwaka 1687: kinachokwenda huendelea kwenda, kwa kasi ileile na katika mstari ulionyooka, mpaka kani kutoka nje ikivuruge. Abiria wa matatu anaijua kwa mwili wake. Dereva akifunga breki ghafla, matatu inapunguza mwendo, wewe uliyesimama unaendelea mbele hadi kwenye mgongo wa mwenzako, na hakuna aliyekusukuma.

Basi lililolisimamisha gari la mtoto ni msuguano. Vijiti vinasuguana na matundu ya pakiti, na slipa, kwa kuwa ni laini, inabonyea kila inapokanyaga saruji. Hewa pia huzuia, ila kwa gari la polepole namna hii ni kidogo sana, tena Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari na hewa yake ni nyepesi kuliko ya Mombasa. Tuiache.

Msuguano huo waweza kuukadiria ukiwa hapo verandani. Tuseme gari lina gramu 200 na linatoka mkononi kwa kasi ya mita 1 kwa sekunde. Likisimama baada ya mita 2, limetumia sekunde 4, kwa kuwa kasi yake ya wastani hadi kusimama ni nusu mita kwa sekunde, yaani kila sekunde imepunguza kasi kwa mita 0.25 kwa sekunde. Zidisha kilo 0.2 kwa 0.25, unapata kani ya nyutoni 0.05 (nyutoni ni kipimo cha kani). Ili uone udogo wake, pakiti ya maziwa ya nusu lita, ikiwa imejaa, hulemea kiganja kwa nyutoni 5 hivi, mara mia ya hiyo. Sasa lianzishe kwa kasi ileile juu ya zulia. Likisimama baada ya nusu mita, msuguano umekuwa nyutoni 0.2, mara nne ya ule wa saruji. Kama nguvu ingekuwa imejazwa ndani ya gari, zulia lingeinyonyaje?

Mtoto akatia kokoto. Ukiongeza uzani mara mbili, msukumo uleule huongeza kasi kwa nusu tu ya ulivyoiongeza mwanzo. Ndiyo sababu matatu iliyojaa hujivuta ikitoka stejini. Lakini kuna jambo ambalo mimi sikulitarajia. Gari tupu na gari lenye kokoto, yakianza kwa kasi moja, husimama karibu mahali pamoja, mradi vijiti havijapinda. Zito ni gumu kulisimamisha, sawa, ila uzito huohuo unakandamiza vijiti na magurudumu, na msuguano unapanda pamoja nao.

Usiuone msuguano kuwa adui wa safari, hata hivyo. Chukua gari dogo la betri. Mota yake haisukumi gari, inazungusha magurudumu tu. Magurudumu yanaisukuma sakafu kwenda nyuma, na sakafu inayasukuma kwenda mbele kwa kani ya kiasi kilekile. Gari linasonga kwa msukumo huo wa sakafu. Mwaga maji ya sabuni hapo uone: mota inalia, magurudumu yanazunguka palepale, gari halitoki. Aliyepita barabara za udongo za Eastlands mvua za Aprili ameyaona hayo kwa kipimo kikubwa, matatu imekwama matopeni, abiria wameshuka, na makanga anahangaika kutafuta mawe na magunia ya kuweka chini ya tairi.