Siku 133 za Poon Lim juu ya chelezo

Nikifundisha usalama wa baharini, siku ya kwanza huwawekea vijana mezani tochi na kipande cha kamba, kisha nawauliza: kwa hivi, mtavuaje samaki?

Poon Lim aliweza. Alikuwa kijana wa Hainan, Uchina, mwenye miaka 24, mhudumu katika meli ya mizigo ya Uingereza, Benlomond. Tarehe 23 Novemba 1942, ikitoka Cape Town kwenda Paramaribo, Amerika Kusini, ilipigwa topido na nyambizi ya Kijerumani U-172, ikazama kwa dakika chache. Jaketi okozi lilimfanya aelee kwa muda wa karibu saa mbili, mpaka akakiona chelezo cha mbao. Wenzake wote walikufa.

Juu ya chelezo palikuwa na biskuti, maji, chokoleti na sukari. Akajipimia kidogo kidogo.

Vijana wengi hudhani njaa ndiyo humuua mtu baharini. Kiu hutangulia! Ukinywa maji ya chumvi, figo zinahitaji maji mengi kuliko uliyokunywa ili kuitoa chumvi hiyo. Hata ukila samaki, mwili unahitaji maji ya kumsaga. Kwa hiyo, kabla ya ndoana, mimi huanza na turubai la jaketi lake, alilolitandaza kukinga mvua.

Ndoana aliipata kwenye waya wa tochi. Kamba ya katani aliifumua, akazisokota nyuzi zake upya kuwa mshipi. Baadaye aling'oa msumari kwenye mbao, akaukunja kwa ajili ya samaki wakubwa. Bati la kopo la biskuti likawa kisu. Samaki akawapasua na kuwaanika juani, ng'onda kabisa. Dhoruba ilipoviharibu vyote, maji na ng'onda, alimkamata ndege, akanywa damu yake.

Kuna meli ilipita karibu naye, ikaenda zake. Hapo darasa hunyamaza, nami hunyamaza nao.

Hakuwa mwogeleaji hodari, hivyo alijifunga kamba ya chelezo mkononi. Lakini bahari ikitulia alijitosa na kuogelea, misuli isilegee. Hilo ndilo linalonistaajabisha kuliko yote: mtu mwenye kiu na njaa, peke yake, bado anafanya mazoezi.

Baadaye Mfalme George VI alimpa nishani, na jeshi la majini la Uingereza likaziingiza mbinu zake kwenye vitabu vya mafunzo. Ila wavuvi wa Brazili waliomwokoa tarehe 5 Aprili 1943 walishuhudia jambo jingine: walipomfikisha pwani, alishuka akatembea kwa miguu yake mwenyewe.