Mashua za "it's a small world" hazivutwi na mnyororo

Wengi waliopanda "it's a small world", safari ya mashua katika bustani ya burudani ya Disneyland, California, huamini kwamba chini ya maji kuna reli au mnyororo unaovuta mashua. Sivyo. Mashua zinaelea zenyewe ndani ya mtaro mwembamba, na pampu hurusha maji kwa nguvu ili kuzisukuma mbele. Kuta za mtaro ndizo zinazozielekeza.

Mfumo huu ulitengenezwa na kampuni ya Arrow Development kwa ajili ya maonyesho ya dunia ya New York ya 1964, kisha ukahamishiwa Disneyland mwaka 1966. Ulibeba watu wengi mfululizo, kiasi kwamba burudani nyingine ya Disneyland, Pirates of the Caribbean, iliyokusudiwa kutembelewa kwa miguu, ikageuzwa kuwa safari ya mashua na kufunguliwa 1967. Mwishoni mwa safari hiyo ya Pirates kuna mlima ambapo mashine huzipandisha mashua, na huenda dhana ya mnyororo ilianzia hapo.

Kinachoharibu safari hasa ni kina cha maji. Chukua mashua ambayo sehemu yake ya chini ina eneo la mita za mraba 10: ikipakia watu 10 wa kilo 70, inazama takriban sentimita 7 zaidi. Maji yakipungua kwa kuvuja, mashua inakwaruza sakafu ya mtaro. Na chujio la pampu likiziba kwa takataka, mkondo unalegea, mashua zinarundikana. Kwa hiyo fundi makini hutazama kwanza usawa wa maji na machujio.