Sikio la Pomboo Halisubiri

Vijana wanaotaka kusomea mamalia wa baharini huniuliza kwanza kuhusu kupiga mbizi. Mimi ni mtu wa anatomia, na wanyama wangu hunifikia wakiwa wamekufa. Kazi huanza kwa simu kutoka kwa nahodha wa Msimbati au mtu wa BMU, kikundi cha wavuvi cha kusimamia ufuo, wa Msanga Mkuu: "Daktari, kuna pomboo kapwelewa huku, wahi kabla mbwa hawajamwanza."

Nauliza amekufa lini, halafu maji yanajaa saa ngapi, maana wakati wa bamvua mzoga unaweza kuondoka na maji kabla sijafika. Kisha naomba jambo ambalo wengi huliona la ajabu: wasimgeuze.

Haraka yote hii ni kwa sababu ya sikio. Nyuma ya jicho la pomboo kuna kitundu kidogo ambacho usipojua pa kutazama hukioni, na si hicho anachokitegemea kusikia. Sauti humwingia zaidi kupitia taya la chini. Taya hilo lina mafuta ndani, nayo huipeleka sauti hadi kwenye mifupa miwili mizito iliyobeba sikio la kati na la ndani. Kwetu sisi na kwa mbuzi, mfupa huo umebanwa ndani ya fuvu. Kwa pomboo umeshikiliwa na kano na kuzungukwa na vifuko vya hewa, hivyo mtikisiko wa fuvu hauchanganyi sikio la kulia na la kushoto. Majini sauti husafiri zaidi ya mara 4 ya kasi yake hewani. Bila mpangilio huo mnyama asingejua inatoka wapi.

Ndani kabisa kuna chembe zenye vinywele vya kupokea sauti, nazo huanza kuharibika saa chache tu baada ya kifo. Basi nikishapiga picha na kuchukua vipimo, masikio hutoka kwanza na kuingia kwenye formalini. Tumbo, figo na meno vitasubiri. (Jino likikatwa huonyesha tabaka za ukuaji, na kwa hizo tunakadiria umri.)

Huku kusini sikio lina uzito wa pekee kwa sababu ya baruti ya kuvulia samaki. Sheria inaikataza, lakini pwani ya Mtwara na Lindi imeisikia kwa miaka mingi. Mlipuko wa karibu unaweza kupasua mishipa ya damu ya sikioni na kwenye mafuta ya taya, na ngozi ikabaki safi. Jarife, wavu wa kunasia samaki, kwa kawaida huacha alama za nyuzi kwenye mapezi na mdomo. Hata hivyo damu sikioni peke yake haitoshi kumshtaki mtu: mnyama akishakufa, damu huteremkia upande aliolalia. Ndiyo maana ya lile ombi la kutomgeuza. Ripoti isiyotaja upande wa mzoga mimi siiamini, hata iwe na picha nzuri namna gani.

Nyangumi wenye nundu, wanaokuja na kusi kutoka bahari za Antaktika, ni shughuli nyingine. Mzoga hujaa gesi, kwa hiyo usisimame mbele ya mkato wa kwanza. Mifupa tunaifukia mchangani ioze nyama kwa muda mrefu.

Njia ya kuingia si moja. Mimi nilipitia tiba ya mifugo pale SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, miaka 5 ya ng'ombe na mbuzi. Wengine hupitia sayansi za bahari, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Usitarajie tangazo la ajira linalotafuta mpasuaji wa pomboo. Utafundisha, na mizoga utaifuata kwa gambuti zako. Ila mafuvu yabaki hapa, hilo nalishikilia. Mjusi wa Tendaguru, yule dinosaria mkubwa, alichimbwa Lindi kati ya 1909 na 1913, na mwanafunzi wa Lindi akitaka kumpima leo hana budi kwenda Berlin.

Wewe uliye kidato cha tano, mchepuo wa PCB, anza na kichwa cha mbuzi kutoka buchani. Kichemshe, toa nyama, kisha utafute mfupa wa sikio. Huenda ukahitaji msumeno kuufikia. Kwa pomboo, kisu chenye makali kinatosha.