Farasi wa Jangwa la Namib: asili yao na kilichowahifadhi

Farasi wanaoishi katika tambarare za Garub, karibu na mji mdogo wa Aus kusini magharibi mwa Namibia, huitwa farasi mwitu, ingawa kwa kweli ni wazao wa farasi waliofugwa, ambao walipotea na kuzaliana bila kusimamiwa na binadamu kwa takribani karne moja. Nikiwa daktari wa mifugo ninayeshughulika na farasi, nimeridhika kwamba maumbile yao hayawezi kuelezwa bila kutaja vita, almasi na reli.

Mwaka 1915, majeshi ya Muungano wa Afrika Kusini yaliyokuwa yakiwafukuza Wajerumani yalipiga kambi Garub, yakiwa na askari wapatao 10,000 na farasi wapatao 6,000. Mwezi Machi ndege ya Kijerumani ilidondosha mabomu kambini, na farasi wengi wakatawanyika. Jirani na hapo, huko Kubub, palikuwa na shamba la kuzalisha farasi la Emil Kreplin, aliyewahi kuwa meya wa Lüderitz, na vurugu za vita zilipozuka wanyama wake nao waliachwa bila mwangalizi. Maoni yangu ni kwamba makundi haya mawili yalichanganyika, kwa kuwa wazao wao wana umbo la farasi wa kupandwa: miguu imara, mgongo mfupi, kifua kipana, na wengi wao ni wa rangi ya hudhurungi.

Hata hivyo, kupotea jangwani si sawa na kuishi jangwani. Baada ya Zacharias Lewala, kibarua wa reli, kuokota almasi karibu na Lüderitz mwaka 1908, serikali ya kikoloni ilipiga marufuku watu kuingia katika eneo kubwa la jangwa, na marufuku hiyo ndiyo iliyowakinga farasi dhidi ya wawindaji na wakamataji. Maji waliyapata kwenye kisima cha Garub, kilichochimbwa kwa ajili ya injini za mvuke. Injini za dizeli ziliposhika nafasi yake, kisima hicho kilikosa kazi, na farasi wangekufa kwa kiu kama wafanyakazi wa kampuni ya almasi wasingehakikisha kwamba maji yanaendelea kutolewa. Mwaka 1986 eneo hilo liliunganishwa na Hifadhi ya Namib-Naukluft.

Wakati wa baridi farasi hawa huweza kukaa hadi saa 72 bila kunywa maji. Nyasi zikikauka, hula kinyesi chao wenyewe, ambacho kina mafuta na protini nyingi kuliko nyasi hizo kavu; mtu asiyewafahamu hudhani ni ugonjwa, kumbe ni njia ya kupata lishe.

Kinachonitia hofu ni kwamba utofauti wao wa kijenetiki ni miongoni mwa midogo kabisa iliyowahi kupimwa kwa farasi, huku idadi yao ikipanda na kushuka kufuatana na mvua. Kuanzia mwaka 2012 hivi, ukame na fisi madoa viliwamaliza karibu watoto wote waliozaliwa, hadi mwaka 2019 hatua zilipochukuliwa dhidi ya fisi. Wapo wahifadhi wanaosema kwamba fisi ndiye mwenyeji na farasi ni mgeni, na hoja yao ina uzito. Lakini fisi madoa wako katika maeneo mengi ya Afrika, ilhali farasi wa Namib wakitoweka Garub hawapatikani kwingine, na kwa sababu hiyo naunga mkono kulindwa kwa majike na watoto wao.