"Happy" hakuzaliwa na "happen"

Harusini juzi mchungaji alinyamaza kidogo, akaisogeza maikrofoni mdomoni, akasema: "Happiness inategemea kinacho-happen. Joy inatoka kwa Mungu." Ukumbi mzima amina. Mama aliyekaa karibu yangu akatoa simu kwenye pochi akaandika. Mwaka huu nimeshalisikia mara nne: mbili madhabahuni, moja kwenye semina ya wajasiriamali, na sasa mbele ya keki. Nimeshindwa kuvumilia.

Maana tuimalize haraka. "Happy" ni mwenye furaha, aliyeridhika. Hilo hata mtoto wa darasa la nne analijua. Mgogoro uko kwenye ukoo.

Babu wa ukoo ni neno fupi, "hap". Waingereza walilipata kwa watu wa Skandinavia, wale waliowavamia kwa majahazi kisha wengi wao wakahamia na kulima hukohuko. Kwa wageni wale "happ" ilikuwa bahati. Basi. Lile linalomwangukia mtu bila kuliita. Kwenye "hap" ndipo yakatoka "happen", yaani jambo kutukia, na "happy", yaani mwenye bahati, na yote mawili yanaonekana katika maandishi ya karne ya 14. Kwa hiyo ni ndugu wa tumbo moja. Hakuna aliyemzaa mwenzake. Na "happy" wa siku zile si lazima awe anacheka. Ni mtu aliyeangukiwa: mvua imenyesha kwake, chombo chake kimerudi salama. Hisia ya moyoni ilikuja kuhamia ndani ya neno baadaye. Ndugu waliobaki bado wananuka bahati: "mishap" ni mkosi, "hapless" ni asiye na bahati, "perhaps" ni huenda, yaani bahati ikitaka. Wajerumani hata hawakujisumbua kutenganisha, "Glück" yao ni bahati na ni furaha hadi leo.

(Waingereza walikuwa na neno lao la zamani, "gesælig", mwenye baraka. Likashuka likawa mnyonge wa kuhurumiwa, likashuka tena, sasa ni "silly", mpumbavu. Maneno nayo hufilisika.)

Haya, "joy" je? Imepita Ufaransa, "joie", ikitokea kwa Walatini, "gaudium": shangwe, furaha. Hakuna mbingu humo. Mlevi wa Roma akinunuliwa divai alikuwa na "gaudium" tele.

Kinachonikera zaidi ni kwamba Biblia yenyewe ya Kiingereza inampinga mchungaji. Ile ya mfalme James ya mwaka 1611, katika Mathayo 5, imeandika "blessed" kwa maskini wa roho. Katika Yohana 13:17, Yesu akiwa ametoka kuwaosha wanafunzi miguu, imeandika "happy". Kigirikini neno ni lilelile moja, "makarios". Sasa kama "happy" ni ya kidunia, inategemea matukio, pale aliwaahidi nini?

Watafsiri wa Biblia yetu ya Union hawakuyumba. Mathayo: "Heri walio maskini wa roho." Yohana: "heri ninyi mkiyatenda." Hata Mithali 3:13, ambako Mwingereza kaweka "happy", sisi tuna "Heri mtu yule aonaye hekima." Heri, tuliyoipata kwa Waarabu, kheri, wema unaomfikia mtu. Furaha unaisikia, heri unakuwa nayo hata siku ambayo husikii kitu. Ndiyo sababu Wakatoliki wanamwita Anuarite wa Kongo, aliyeuawa mwaka 1964, Mwenyeheri, na hakuna anayedhani neno hilo linasema alikufa akitabasamu. Ndiyo sababu pia tunatakiana heri ya mwaka mpya. Kadi zinazochapwa "Furaha ya Mwaka Mpya" huwa nazipokea, nashukuru, nazigeuza kifudifudi.

Kwa hiyo, baba mchungaji, hubiri kwamba furaha ya Mungu haingoji mshahara uingie. Nitaitikia amina kwa sauti. Ila usilipitishie kwenye kamusi, maana kamusi haiko upande wako: "happiness" na "happen" wote wametoka kwa bahati, na "joy" haikutoka mbinguni, imetoka Ufaransa. Na maharusi wale ukitaka kuwapa neno moja zito la kuondoka nalo, lilikuwamo ndani ya kitabu kilekile ulichokuwa umekibana kwapani.