Risasi Imetoka, Skrini Kimya: Ilipotelea Wapi?

Mlengaji amefyatua, bunduki imemsukuma bega, lakini skrini iliyo pembeni yake haijaongeza kitu. Hapo hapo watu hugawanyika: huyu anasema shabaha ni mbovu, yule anasema mlengaji kakosa na hataki kukubali. Kazi yangu ni kufunga na kutengeneza shabaha za kielektroniki, zile zinazotambua risasi ilipopita na kuionyesha kwenye skrini, na ninachosema kila mara ni kwamba wakati huo hakuna anayejua bado. Atakayebadilisha mpira wa shabaha, kuzima mtambo au kubandua karatasi kabla ya kutazama atakuwa amefuta ushahidi wenyewe.

Risasi inaweza kupotelea sehemu tatu. Huenda haikufika kwenye shabaha. Huenda ilifika, shabaha isiisikie. Au ilisikika na kukokotolewa vizuri, kisha taarifa ikakwama njiani kwenda kwenye skrini. Kila sehemu huacha alama yake, ndiyo maana naanza na macho, bisibisi baadaye. Uwanja ukishafungwa na bunduki zote zimefunguliwa na kuonekana tupu, naenda mbele kutazama karatasi ya nyuma, fremu, na eneo jeupe linalozunguka duara jeusi. Tundu moja juu ya fremu linaweza kumaliza ubishi wote. Nikikuta shabaha ya jirani ina tundu moja zaidi ya risasi alizopiga mwenyewe, jibu nimelipata.

Tundu likiwa mahali pake lakini skrini haikulionyesha, inabidi ujue shabaha hiyo inasikiaje. Zile za sauti zina maikrofoni, kwa kawaida pembeni mwa fremu, na hupima tofauti ya muda ambao sauti ya risasi imefika kwa kila moja. Katika hewa ya nyuzi 20 za Selsiasi, sauti husafiri kama mita 343 kwa sekunde, yaani takriban milimita 0.34 kwa kila sehemu moja ya milioni ya sekunde. Kwenye bunduki ya upepo ya mita 10, sehemu moja ya kumi ya alama ni milimita 0.25 tu. Mtambo unafanya kazi kwa vipimo vidogo hivyo, kwa hiyo ukiona sauti imefika vibaya ni heri ukatae kuliko kubahatisha. Maikrofoni tatu zinatosha kupata mahali risasi ilipopita. Ya nne huhakiki. Majibu yasipoafikiana, mifumo mingi huitupa risasi hiyo, na wewe unaona skrini tupu.

Hapo ndipo kuna kosa ninalolikuta kuliko mengine yote kwenye shabaha za mita 10. Nyuma ya uwazi wa katikati kuna ukanda wa karatasi au mpira unaosogea kidogo baada ya risasi, ili risasi inayofuata itoboe mahali pazima na kutoa sauti. Mota ikikwama, au ukanda ukiisha, au ukiteleza kwenye rola, ukanda hausogei. Tundu la katikati linapanuka. Risasi ya milimita 4.5 inapita humo bila kugusa kitu, na kisichoguswa hakitoi sauti. Kwa hiyo anayepiga alama saba na nane anaonekana kila mara, ila anayepiga kumi baada ya kumi ndiye anayepoteza risasi. Kadiri mlengaji alivyo bora, ndivyo shabaha inavyomdhulumu. Nikisikia malalamiko yanatoka kwa mtu mwenye mkono mzuri, na yanahusu risasi anazoamini zilikuwa za katikati, naufungua mlango wa ukanda kabla ya kuuliza swali lingine. Inauma kuona kijana aliyejifunza kwa miaka akiambiwa amekosa shabaha nzima kwa sababu ya rola yenye vumbi.

Shabaha za mita 50 na zaidi zilizofungwa kama sanduku, zenye utando wa mpira mbele na nyuma, huugua ugonjwa huo huo. Sanduku lina kazi mbili: kuzuia upepo na kelele za nje, na kuifanya risasi itoe sauti inapotoboa mpira. Risasi ya .22 ya mashindano (yenye kipenyo cha takriban inchi 0.22) hutoka na mwendo wa kama mita 320 hadi 330 kwa sekunde, chini kidogo ya mwendo wa sauti, kwa hiyo haina mpasuko wake yenyewe angani. Inautegemea mpira. Katikati ya mpira pakishalika, shabaha inaanza kuwa kiziwi, na mwanga wa jua unaopenya ndani ya sanduku utakuonyesha ubovu kabla ya kompyuta.

Shabaha za wazi za masafa marefu ni jambo jingine kabisa. Hazina mpira; zinasikiliza wimbi la mshtuko linaloburutwa na risasi inayokimbia kuliko sauti. Risasi ya .308 inayofanya vizuri mita 600 inaweza kufika mita 900 ikiwa imechoka, karibu na mwendo wa sauti, na hapo wimbi hilo linafifia na kubadilika pembe. Shabaha haijaharibika. Dalili yake ni kwamba tatizo linamfuata mtu na risasi zake: mhamishie njia nyingine ya kupigia naye anaendelea kupoteza, huku jirani mwenye risasi za kasi zaidi akionekana vizuri pale pale. Usipoteze muda na waya hapo. Risasi nyingine, au umbali mfupi zaidi.

Na kama upotevu unatokea pale wengi wanapofyatua kwa pamoja, tazama shabaha za jirani. Sauti hutumia kama milisekunde 15 kukata mita 5. Risasi mbili za njia mbili zikipita karibu mno kwa wakati, maikrofoni hupata mchanganyiko usiotenganishika.

Jambo moja huwapotosha hata mafundi: maikrofoni dhaifu haipotezi risasi za upande wake. Hupoteza za mbali nayo, kwa sababu sauti inaifikia imefifia. Risasi zikipotea juu kulia tu, mimi naanza kukagua kona ya chini kushoto: kiunganishi kilicholegea, maji, waya uliotafunwa na panya, au kipande cha risasi kilichogonga.

Zile za mwanga hazisikii chochote. Risasi hukata miale ya infraredi, mwanga usioonekana kwa macho, na mtambo husoma miale ipi imekatika. Utando wa buibui, vumbi la karatasi au kipande kinachoning'inia vinatosha kuziba njia. Safisha kwa kitambaa laini, na kwa kweli hapo hakuna mengi ya kusema.

Sehemu ya tatu, ya taarifa, ni rahisi kuliko zote kuithibitisha lakini husahaulika. Fungua kumbukumbu za kompyuta kuu. Risasi ikiwa humo pamoja na saa yake, shabaha haina kosa. Tafuta kwenye kebo, Wi-Fi au betri.

Katika mashindano, kanuni za ISSF, shirikisho la kimataifa la michezo ya kulenga shabaha, kwa mita 10 na 50 zinafuata mantiki hii hii. Mlengaji amwarifu msimamizi mara moja, kabla ya kupiga nyingine. Ataelekezwa kupiga risasi moja zaidi ya kulenga. Ikionekana, anaendelea, na thamani yake, mahali ilipoangukia na saa huandikwa ili majaji walinganishe na karatasi na kumbukumbu baadaye. Isipoonekana, anahamishiwa shabaha ya akiba. Ndiyo maana nawasihi walengaji wasinyamaze na kupiga tena kwa hasira: risasi ya pili isiyoandikwa popote inavuruga hesabu ambayo ingewaokoa.

Ukishatengeneza, usiridhike na risasi moja ya katikati. Weka karatasi mpya, piga katikati na kwenye pembe nne, kisha pima matundu dhidi ya skrini. Zote zikisogea upande mmoja kwa kiasi kile kile, fremu au karatasi imehama. Katikati ikiwa sawa na pembe zikivutwa nje au ndani, kagua kipimajoto, kwa sababu mwendo wa sauti hubadilika kama mita 0.6 kwa sekunde kwa kila nyuzi moja, na kihisi cha joto kilichopigwa na jua kinadanganya. Pembe moja tu ikikosea, rudi kwenye maikrofoni zake, ukianzia ile iliyo mbali nayo zaidi.